Maswali ya wasomaji: stuli mbili kwa bomba moja

*Nataka stuli sita za chuma. Fundi anasema kila moja inakula bomba zima, na pesa hazipo. Nifanye nini? Mama wa Kadutu, Bukavu*

Mama, mabomba matatu yanatosha. Mwonyeshe fundi stuli aliyoibuni mbunifu Marcel Breuer pale Bauhaus, shule ya ubunifu ya Dessau, Ujerumani, miaka ya 1925 na 1926. Bomba linapanda kuwa mguu, linapita chini ya ubao, linashuka, kisha linalala sakafuni hadi mguu wa pili. Hakuna ncha wazi ya kunywa maji ya kupangusa sakafu.

Nunua bomba jeusi, yaani lisilo na zinki, la milimita 25, unene milimita 2, urefu mita 6. Likatwe vipande vinne vya sentimita 139. Viwili ni stuli moja ya kina na upana wa 35, kimo kama 45 pamoja na ubao. Unene wa milimita 1.2 ni wa bei rahisi, lakini utabonyea kwenye kona.

Alama za chaki kwenye kila kipande, kwa sentimita: 10 nyoofu, kona ya kukunja 11.8, 26 nyoofu, kona, 20 nyoofu, kona, 26 nyoofu, kona, 10 nyoofu. Kona ya kwanza na ya nne zinageukia upande mmoja, nyuzi 90 kutoka zile mbili za katikati. Hapo ndipo wengi wanaharibu, kwa hiyo apige mstari wa chaki toka ncha hadi ncha ili aone bomba likijipinda.

Kabla ya kukunja, bomba lijazwe mchanga laini uliokaangwa mpaka ukauke kabisa, ligongwe-gongwe ushuke, lizibwe kwa vigingi vya mti. Mchanga wenye unyevu hutoa mvuke, na kigingi huruka kama risasi. Kona ipashwe kwenye makaa mpaka iwe nyekundu, ikunjwe taratibu kwenye kibao cha mviringo.

Mchanga umwagwe wote. Viungo vya vipande viwili viwe katikati ya sehemu zinazolala sakafuni, kamwe si kwenye kona, na ndani yake kiingie kipande cha bomba la milimita 20, urefu sentimita 10. Kabla ya kuchomelea kiungo cha mwisho, atoboe tundu la milimita 3 upande wa chini. Bila tundu, hewa moto iliyofungiwa inasukuma chuma kilichoyeyuka na kuacha vishimo.

*Kiti changu kisicho na miguu ya nyuma kimepasuka mbele. Fundi alikosea wapi? Msomaji wa Bagira*

Bila shaka kona zimekatwa na kuchomelewa. Kiti cha namna hiyo hubeba uzito wako wote kwenye kona mbili za chini mbele, na zinanepa kila unapokaa. Mbunifu Mholanzi Mart Stam alianza na mabomba ya gesi na viungo vyake mwaka 1926, na kiti chake kilikuwa kigumu. Mjerumani Mies van der Rohe ndiye aliyeonyesha kiti kinachonepa, mjini Stuttgart, Ujerumani, 1927, kwa bomba lililokunjwa bila kukatwa. Lazima likunjwe baridi kwa mashine, maana moto hulegeza chuma. Kama mashine haipo mtaani, ongeza miguu ya nyuma, ndugu.

*Bomba la maji lenye zinki halitashika kutu, nilitumie? Msomaji wa Ibanda*

Kwenye kiungo, zinki yote iondolewe kwa tupa, sentimita 5 kila upande. Moshi wake mweupe huleta homa na kutetemeka usiku huohuo. Na pale ulipoiondoa kutu itaingia, kwa hiyo rangi ya kuzuia kutu utainunua tu.