Siku 10 kwa gari, Copenhagen hadi Nordkapp (rasi ya kaskazini kabisa mwa Norwei) na kurudi?
Siku 10 ni chache. Kwenda tu ni zaidi ya kilomita 2,000. Pandia Uswidi kwa barabara kuu ya E4, pana na ya haraka, kisha ukate Ufini. Rudi kwa E6 ya Norwei bila papara: nje ya miji kikomo cha mwendo kwa kawaida ni kilomita 80 kwa saa, na kona na feri za fiodi (ghuba nyembamba za bahari) hula muda. Panga kilomita 300 kwa siku huko, si 600. Tozo za barabara Norwei hurekodiwa na kamera, bili hufuata baadaye. Taa ziwake hata mchana. Jioni angalia kulungu wa kaskazini, hawaogopi gari. Ukikodi, ulizia kwanza ruhusa ya kuvuka mipaka, na usirudishe gari nchi nyingine. Ada yake inauma.