Vipimo vyote vilikuwa kijani siku diski ilipokufa

Wiki iliyopita kijana mmoja aliyepata kazi yake ya kwanza ya kusimamia seva, chuo fulani huko Mbeya, aliniandikia hivi: "Shikamoo kaka. Naomba unitajie programu moja tu ya kuangalia kila kitu kwenye seva: prosesa, memori, diski, joto, vyote. Niifunge nilale usingizi." Nimeanza kumjibu mara tatu nikafuta. Hilo "moja tu" limenichoma, maana mwaka 2019 na mimi nilikuwa nayo hiyo moja, na usingizi nililala.

Nilikuwa nahudumia chama cha akiba na mikopo Morogoro. Seva yao ilikaa chini ya meza ya karani, ina diski moja, na bakapu (nakala ya akiba ya data) ya kila usiku ikijiandika kwenye diski hiyohiyo. Bakapu ya nje ilikuwa flashi ya meneja, anayeikumbuka akiikumbuka. Mimi nilikuwa nimewafungia programu ya kulipia yenye ukurasa mzuri wa mishale: prosesa, memori, nafasi ya diski, mtandao. Kila asubuhi nilifungua ule ukurasa, nikakuta kijani, nikaendelea na wateja wengine.

Wiki tatu kabla ya balaa seva ilianza kusuasua. Mhasibu akitafuta jina la mwanachama anasubiri dakika nzima. Niliongeza memori kutoka giga 8 hadi 16, hali ikabaki vilevile. Nikailaumu programu ya mahesabu. Siku moja niliendesha top, amri inayoonyesha seva inavyofanya kazi, nikaona wastani wa mzigo ni 14 kwenye mashine ya kori nne, na papo hapo prosesa haina kazi. Namba hizo mbili pamoja zilikuwa zimeshanipa jibu. Kwenye Linux, programu inayosubiri diski nayo inahesabiwa ndani ya wastani wa mzigo. Kwa hiyo mzigo ukiwa mkubwa na prosesa imetulia, angalia diski kabla ya kitu kingine chochote. Sikulijua hilo. Nilifunga kompyuta yangu mpakato nikaondoka.

Alhamisi umeme ulikatika, ukarudi, diski haikuamka. Ile flashi ya meneja ilikuwa na data ya miezi minne nyuma. Mhasibu na makarani wawili waliingiza upya miamala kutoka kwenye vitabu vya stakabadhi kwa wiki tatu, na mimi nilikwenda kukaa nao kila siku bila malipo, nikiwasomea tarakimu. Siku ya mwisho meneja aliniambia mbele yao kwamba mtu anayeangalia rangi hastahili kuitwa fundi. Mkataba ukaishia hapo. Miaka imepita, lakini nikipita ile barabara bado naangalia upande wa pili.

Ilinichukua muda kukubali kwamba ile programu haikunidanganya. Ilijibu maswali manne, na yote ilijibu kweli. Hakuna aliyeiuliza diski habari za afya yake, na programu yenyewe haikuwa na mahali pa kuongezea swali la tano. Ndiyo sababu leo sifungi kitu kisichoongezeka. Natumia zana za vipande: kimoja kinapima, kingine kinakusanya, kingine kinachora grafu, kingine kinapiga kelele. Kipande kikinishinda nakitoa naweka kingine, na mtambo uliobaki hautikisiki.

Nilianza na Munin, programu ya bure ya kukusanya vipimo na kuvichora. Nawashauri wanaoanza waiguse hata kama hawatabaki nayo, kwa sababu inafundisha. Kila seva inakaa na munin-node, kipande kinachojibu maswali, kwenye poti (mlango wa mtandao) 4949, na kila dakika tano inaulizwa namba zake. Kila kipimo ni programu-jalizi ndogo ya kujitegemea, iliyoandikwa kwa lugha yoyote uipendayo, mradi ichapishe jina na namba. Ya kwangu ya kwanza ilikuwa mistari kama kumi ya sheli (amri za Linux), ikisoma joto la diski. Siku grafu ile ilipotokea, mstari wa kijani ukipanda mchana na kushuka usiku, ndipo nilipohisi kwa mara ya kwanza kwamba naijua mashine niliyopewa kuilinda.

Baadaye nilihamia Prometheus, programu nyingine ya kukusanya vipimo na kutoa maonyo, iliyoanza kutengenezwa SoundCloud mwaka 2012. Hapo kwenye kila seva unaweka node_exporter, inayosikiliza poti 9100, na ndani yake kila kipimo ni kipande chake: prosesa, memori, mfumo wa mafaili, vihisio vya joto. Unawasha unachotaka, unazima usichohitaji. Kipande ninachokithamini kuliko vyote ni kile cha textfile: faili lolote lenye kiambishi .prom utakaloweka kwenye folda uliyoiteua linasomwa kama kipimo. Programu yangu ndogo (script) ya bakapu ikimaliza salama inaandika saa iliyomaliza kwenye faili hilo. Zikipita saa 26 bila saa mpya, simu yangu inalia. Kipimo hicho kimoja kingeifuatilia ile flashi ya Morogoro, nisingekuwa naandika makala hii.

Sasa diski. Funga smartmontools leo, usingoje kesho; ni zana za kusoma SMART, kumbukumbu za afya ambazo diski inajiwekea yenyewe. Ndani yake mna smartctl ya kuuliza kwa mkono na smartd inayokaa macho yenyewe, ikikagua kila dakika 30 usipoibadilishia. Usihangaike na orodha yote ndefu ya namba za SMART, kila moja ikiwa kipimo kimoja cha afya. Kampuni ya Backblaze, ya kuhifadhi data za watu mtandaoni, inayochapisha takwimu za diski zake tangu 2013, imesema inaangalia tano: 5, 187, 188, 197 na 198. Namba ya 5 ni sekta (vipande vidogo vya diski) mbovu zilizokwisha kuhamishwa, 197 ni zile zinazosubiri kuamuliwa. Zikiwa sifuri, vema. Zikianza kutembea, agiza diski. Utafiti wa Google wa mwaka 2007, uliofuatilia diski zaidi ya 100,000, ulikuta kwamba diski ikishapata kosa lake la kwanza la ukaguzi, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 unakuwa mara 39 ya diski isiyo na kosa. Lakini utafiti huohuo ulikuta zaidi ya asilimia 56 ya diski zilizokufa hazikuonyesha hata moja ya dalili nne kubwa za SMART. Kwa hiyo smartd haiondoi bakapu. Anayekwambia inaiondoa hajawahi kukaa na mhasibu akisoma stakabadhi.

Hapa kuna mtego ulionisumbua siku mbili nzima. Seva nyingi zina kadi ya RAID, inayounganisha diski kadhaa zionekane kama moja, na diski zilizo nyuma ya kadi hazionekani kwa smartctl ya kawaida; unaona diski moja ya bandia iliyotulia. Kwa kadi nyingi za aina ya MegaRAID lazima uongeze -d megaraid,0 kisha 1, 2, na kuendelea, diski moja baada ya nyingine. Na ukiwa ndani ya mashine pepe (kompyuta ya programu inayoendeshwa ndani ya seva halisi) usijisumbue: kwa kawaida diski utakayoiona ni faili tu. Kipimo kikae kwenye mashine yenye chuma.

Mwezi huu nimepata malipo ya yote haya. Shule moja ya bweni Dodoma, Jumanne saa tano usiku, simu inalia: namba 197 imetoka 0 hadi 8. Jumatano jioni ikawa 24. Vipimo vingine vyote vilikuwa kijani, na mwalimu wa taaluma alishangaa nilipompigia kumwambia kwamba seva yake inaumwa. Jumamosi nilikuwa pale na diski mpya. Tulihamisha matokeo ya wanafunzi, ada na kila kitu, saa nne na nusu, hakuna faili hata moja lililopotea. Mkuu wa shule alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nawaza wale makarani wa Morogoro.

Ndugu zangu mafundi, tuambiane ukweli. Mtu akikukabidhi seva amekukabidhi mishahara ya watu, akiba za kina mama, vyeti vya watoto. Usiweke mlinzi ndani ya nyumba anayoilinda: Prometheus ikae kwenye mashine nyingine, hata Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bei nafuu) ya chumba cha pili, maana seva iliyokufa haiwezi kukutumia ujumbe kwamba imekufa. Na punguza maonyo. Niliwahi kuweka 37. Baada ya wiki mbili niliyanyamazisha yote, na feni ya seva ya mteja mmoja ikakwama kwa vumbi nikiwa nimenyamazisha. Sasa nina matano: seva haijibu, diski inaumwa, nafasi inakaribia kuisha, joto limepita kiwango, bakapu imechelewa. Yakilia, nanyanyuka, hata kama ni saa tisa usiku. Onyo lisilokunyanyua lifute.

Mdogo wangu wa Mbeya, marahaba. Programu moja sikupi. Anza na smartmontools, kisha lm-sensors, ya kusoma vihisio vya joto: endesha sensors-detect, ukubali majibu yale ya kawaida yanayopendekezwa, uone joto. Kaa nazo wiki nzima ukiandika namba kwenye daftari, ujue seva yako ikiwa mzima inasoma ngapi. Halafu ndipo uweke node_exporter na Prometheus. Grafana ya kuchorea itasubiri. Ukikwama kwenye kadi ya RAID nitumie matokeo yote ya smartctl -a kama maandishi. Picha ya skrini huwa inakata mistari ya chini, na kosa mara nyingi limeandikwa hukohuko.