Santuri za marehemu baba: usiuze kwa boksi

Pole sana kwa msiba, dada. Umeuliza kama umuuzie mtu mmoja, kwa bei moja, boksi zote nne za santuri alizoacha baba; mwambie asubiri. Toa santuri mojamoja, isogeze dirishani na uiinamishe kidogo. Mikwaruzo utaiona hapo, si chini ya taa ya dari. Andika kwenye daftari bendi, lebo (kampuni iliyotoa santuri), namba ya lebo, hali ya santuri na hali ya jalada, kila moja peke yake. Kisha tazama pale palipo laini kuzunguka karatasi ya katikati: kuna namba ndogo zilizochongwa. Hizo husaidia kutofautisha toleo la kwanza na la kurudiwa, na bei hufuata hapo. Zitafute Discogs, tovuti ya kuorodhesha na kuuza santuri, usome bei zilizokwishalipwa, siyo zinazoombwa na wauzaji.

Zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika za bendi za Nairobi na Dar za miaka ya 1970 usizidharau hata kama zina bahasha ya karatasi tu, bila jalada. Wakusanyaji wa Ulaya wanazitafuta sana.

Na tafadhali, usizifute kwa spiriti. Zile nzito za mizunguko 78 huharibika kabisa. Santuri zote zisimamishe kama vitabu.