Bandeji zilizolowa maji ya bomba

Swali lenu la wiki: mzazi anayemlazimisha mtoto mchezo au masomo asiyoyataka, anamjenga au anambomoa? Najibu kama mtoto wa Naguru, Kampala, niliyelazimishwa ngumi.

Mzee wangu alikuwa bado kijana wakati bondia wa Uganda, Ayub Kalule, alipotwaa ubingwa wa dunia wa WBA, chama cha ngumi cha dunia, kule Japani, Oktoba 1979. Alilisimulia pambano lile utadhani walipanda ndege pamoja. Kalule alipigana kishoto, na mzee naye ni mashoto. Basi mimi, ninayekula na kuandika kwa mkono wa kulia, nikaamriwa kusimama kishoto. Ilikuwa 1994, nina miaka 12. Kila jioni kamba, gunia la mchanga, na ngumi za wavulana walionizidi kimo.

Nilichopenda ni redio. Fundi mmoja pale soko la Nakawa alikuwa akiniacha nimshikie waya anapochomelea risasi, na harufu ya moshi ule naikumbuka mpaka leo. Miezi miwili baadaye nikapata njia. Natoka nyumbani na bandeji zangu za mikono, nakwenda kwa fundi. Magharibi ikiingia napita kwenye bomba la estate, nazilowesha, najimwagia maji shingoni, naruka ruka mpaka nihemee kweli, ndipo naingia ndani. Mzee alikuwa akizikamua kwa mikono yake, maji yanatiririka, anawaita majirani: "Njooni muone jasho la mwanangu!" Kocha alikuwa na watoto wengi, hakuwa na haja ya kunitafuta mimi.

Siku ya pambano langu la kwanza, ngumi moja ya tumbo ikanilaza. Iliuma, lakini si ya kulala. Refa alipofika sita ningeweza kusimama. Nikabaki chini namsikiliza akimaliza kumi. Njiani mzee hakusema neno. Alipofika nyumbani alizianika zile bandeji kwenye kamba ya nguo, na hakuna aliyezianua.

Watu watasema samaki mkunje angali mbichi. Sikatai. Kuosha vyombo nililazimishwa, kwenda shule nililazimishwa, na sikudhurika. Lakini hakuna aliyenitaka niyapende masufuria. Kwenye ngumi mzee alitaka nifanye na pia nifurahi, na furaha ukimdai mtoto kwa nguvu atakuletea ya bandia.

Na uongo ule haukuishia kwenye ngumi. Nikiwa kidato cha pili niliibiwa ada ya muhula ndani ya teksi. Mtoto mwingine angerudi nyumbani analia. Mimi sikujua namna ya kumpelekea baba habari mbaya. Nilishazoea kumpelekea anachotaka kuona. Muhula mzima nilivaa sare asubuhi, nikakaa kwa fundi, nikarudi jioni na daftari lililojaa maandishi niliyonakili kwa mwenzangu. Alipokuja kujua hakunipiga. Aliniuliza tu, "Mimi nilikukosea nini hata usiniambie?" Sikuwa na jibu, na nilipolipata alikuwa ameshazeeka.

Uganda iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na kifungu cha 12 kinataka mtoto asikilizwe katika mambo yanayomhusu. Hilo mzee hakulisikia redioni. Simlaumu sana, ni mambo ya zamani: hata ile estate yenyewe ilivunjwa 2011, na bomba langu likaenda nayo.

Sasa na mimi ni baba. Binti yangu yuko P7, darasa la saba, na mimi ndiye niliyemwandikisha masomo ya Jumamosi kwa ajili ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, tena nikajisifu kazini. Jumamosi iliyopita nikamuuliza, "Mmesoma nini leo, mama?" Akajibu, "Hesabu za sehemu, baba, tumesoma vizuri sana," kabla sijafunga mdomo. Nikalitazama daftari: kurasa tatu, mwandiko safi, hakuna hata palipofutwa.

Sikumwambia kitu. Usiku nikamweleza mama yake kwamba wiki hii abaki nyumbani. Akasema mtihani umekaribia na mimi nimeanza kudekeza. Bado tunabishana. Hesabu za binti nazijua, si mbovu. Nachotaka ni aniambie mwenyewe anakokwenda Jumamosi.