Bodi inalia, gari linayumba: anzia chini kabla ya kununua strati baa

Gari dogo la kisasa halina chesesi, yaani fremu ya chuma ya chini, ya kujitegemea kama lori. Sakafu, paa, nguzo za milango na ukuta unaotenganisha injini na abiria vimechomelewa pamoja, na hivyo ndivyo vinavyobeba mzigo wote. Mwenye Premio, Allion au Corolla akilalamika kwamba chesesi imelegea, mara nyingi kilicholegea ni bushi (kiungo cha raba chenye bomba la chuma), raba au bolti. Strati baa, yaani ile fimbo inayounganisha vichwa viwili vya shokapu ndani ya boneti, iwe ya mwisho kununuliwa.

Bodi yenyewe ipimwe kwanza. Simamisha gari kwenye sakafu tambarare, weka vizuizi kwenye magurudumu, kisha piga jeki kona moja ya mbele, pale kiwanda kilipoimarisha kwa ajili ya jeki, mpaka tairi liachane na ardhi. Fungua na ufunge milango ya upande huo. Mwanya ukibadilika kidogo, usijali, kila bodi hujipinda kiasi. Mlango ukikataa kufunga au ukikwama kwenye nguzo, kuna kutu ndani ya kingo za chini ya milango, au gari liligongwa likanyooshwa vibaya. Hiyo ni kazi ya fundi bodi na kuchomelea upya, na hakuna baa ya kufunga kwa bolti itakayoiponya. Kagua pia kioo cha mbele. Kioo hicho hugundishwa kwa gundi ya yurethani na huchangia uimara wa bodi. Kikibadilishwa na kubandikwa kwa silikoni ya madirisha ya nyumba, bodi hupungua nguvu na kona za kioo huanza kulia kwenye matuta.

Bodi ikiwa nzima, shuka chini ya gari, lakini usiingie likiwa limeshikwa na jeki peke yake. Weka stendi. Mlio wa ko-ko-ko kwenye vishimo vidogo, mwendo ukiwa wa polepole, mara nyingi ni linki za stabilaiza, vile vijiti vinavyoshika fimbo ya kuzuia gari kulala kwenye kona. Zifungue zote mbili, kulia na kushoto, zungusha gari mtaani taratibu (litalala zaidi kwenye kona), na mlio ukitoweka umempata mwizi. Mlio wa springi kushtuka unapogeuza usukani gari likiwa limesimama huashiria beringi ya kichwa cha shokapu. Bati linalokinga joto la ekzosi nalo hutetemeka kwa kasi fulani tu ya injini. Bolti yake ikiwa imeliwa na kutu, wosha (pete bapa ya bolti) iliyo pana au klipu ndefu ya chuma kisichoshika kutu inatosha kulibana.

Bushi za wishiboni, yaani mkono wa chuma unaoshika gurudumu, na za ekseli ya nyuma ndizo zinazoharibiwa zaidi na mafundi wenyewe. Bushi ya raba haizunguki. Bomba lake la ndani hubanwa na bolti, la nje hukaa kwenye wishiboni, na raba iliyo katikati hujisokota kila gurudumu linapopanda na kushuka. Fundi akikaza bolti hiyo magurudumu yakiwa yananing'inia, gari likishushwa raba tayari imeshasokotwa, na hubaki hivyo hata gari limeegeshwa. Itapasuka mapema, na kabla ya kupasuka italia. Mwambie fundi aingize bolti na kuzibana kidogo tu, ashushe gari likae kwa uzito wake, alitikise mara kadhaa, ndipo akaze kwa kipimo cha mtengenezaji. Kwenye gari la chini afanye hivyo juu ya shimo la gereji au rampu.

Ukimaliza huko, njoo kwenye milango. Mlio wa kwi-kwi gari linapopanda kizingiti kwa pembe ni raba za milango zikisuguana na rangi, au kitanzi cha chuma kinachoshikwa na kufuli. Funga utepe wa kitambaa mzunguko mmoja kwenye kitanzi kama jaribio. Kelele ikiisha, legeza skrubu zake mbili, kisogeze ndani milimita moja, kaza, jaribu tena. Kabla ya kusogeza, chora alama kwa kalamu ili uweze kurudi ulipoanzia. Bana karatasi mlangoni na uivute: ikitoka bila kubanwa popote, raba imelala au mlango uko nje mno. Raba zioshwe kwa sabuni, zikauke, kisha zipakwe silikoni ya kulainisha raba. Grisi ya kawaida huivimbisha raba na kuiozesha. Kwenye buti, zungusha vile vizuizi vidogo vya raba vya pembeni virefuke mpaka kifuniko kikae bila kucheza.

Mngurumo wa mabati ni jambo jingine. Gonga bati la mlango kwa kifundo cha kidole: likilia kama debe, linahitaji uzito. Shiti za biutili (raba nzito inayonata) zenye foili, unene wa milimita mbili, zinatosha kufunika kama robo hadi theluthi ya bati, katikati panapolia zaidi. Kulifunika lote ni kuongeza kilo bila faida. Safisha kwa spiriti, bandika, kandamiza kwa rola hadi hewa yote itoke. Usizibe matundu ya maji yaliyo chini ya mlango, na urudishe ile nailoni ya ndani, la sivyo mlango utaoza. Lami ya kuezekea mapaa tunaikataa kabisa: jua la Dar au Mombasa huiyeyusha na harufu yake hukaa miezi.

Baada ya hayo yote, kama usukani bado unachelewa kuitikia kwenye kona, strati baa ina maana. Chagua iliyo kipande kimoja. Yenye bawaba kwenye ncha hupinda hapo hapo. Ifunge gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, na ufungue nati za pembeni pekee. Nati ya katikati usiiguse, kwa maana inazuia springi iliyobanwa na inaweza kuua. Kwenye magari ambayo vichwa vya shokapu viko karibu na ukuta wa injini na vimeungwa nao, faida yake ni ndogo. Tarajia pia sauti ya barabara kuongezeka kidogo ndani. Baa za chini ya sakafu zifikirie mara mbili, maana zinakula nafasi ambayo tuta la mtaani linaihitaji. Baada ya kilomita 500 hivi kaza tena nati zote ulizogusa, kisha upeleke gari kwenye alaimenti, yaani kupimwa na kunyooshwa magurudumu.