Begi la mgongoni kwa mtu mzima

Dadangu, umeuliza kwa nini mabega yanakuuma ukifika mjini, na begi lenyewe ni jipya. Kabla hujalitupa, legeza mikanda, livae, kisha ivute mpaka begi likushike mgongoni. Chini yake lisipite kiuno. Likining'inia hadi makalioni linakuvuta nyuma, nawe unainama mbele kulifidia, na maumivu huanzia hapo. Vaa mikanda yote miwili, hata kama ni mwendo mfupi tu wa kutoka feri hadi stejini.

Laptopu iweke kwenye mfuko ulio karibu kabisa na mgongo. Chupa ya maji na chakula cha mchana vifuate, vyepesi viwe upande wa nje, mbali na mgongo. Uzito wote usizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wako. Ukiwa na kilo 65, begi lisipite kilo 6 na nusu. Lipime kwenye mizani, utashangaa chaja na vitabu vina uzito gani.

Ukinunua jingine, hata la mtumba pale soko la Kongowea, Mombasa, bonyeza sponji ya mkanda kwa kidole gumba. Ikibonyea mpaka ukahisi kitambaa cha upande wa pili, liache. Tafuta lenye mikanda mipana na mgongo wa wavu, maana kwa joto letu hili nailoni tupu inakulowesha shati kabla hujavuka kivuko cha Likoni.

Ndani ya feri lihamishie kifuani kwa usalama, lakini ukishuka lirudishe mgongoni. Ukipata ganzi mkononi, usingoje, muone daktari.