Kibodi yenye doki mgongoni: maswali yenu

Safari hii maswali yote yanahusu jambo moja: kutengeneza kisanduku cha kushikamana na kibodi, ndani yake ikae doki, yaani kile kifaa kinachounganisha skrini, mtandao, chaja na flashi kwenye laptopu kwa kebo moja.

Fundi, nataka doki ikae chini ya kibodi ili meza ibaki wazi. Nianzie wapi? (Msomaji, Nakuru)

Iweke nyuma ya kibodi, si chini yake. Ikikaa chini, kibodi itainuka, viganja vitapindika juu, na jioni utaumwa na vifundo vya mikono. Kisha chomeka kebo zote kabla ya kupima. Wengi hupima doki tupu, wakakata mbao, halafu vichwa vya HDMI (kebo ya skrini) na waya wa mtandao vikakosa nafasi. Acha angalau sentimita 5 kati ya matundu na ukuta wa kisanduku, kebo isije ikakatikia shingoni. Kibodi yenyewe usiitoboe: ikalishe juu ya bati la alumini la milimita 2 linalotokeza chini ya kisanduku. Jaribu kwanza kwa kadibodi, uitumie wiki nzima. Hapo ndipo utajua tundu la flashi lielekee upande gani.

Doki yangu huchemka hata ikiwa wazi mezani. Nikiifungia si itaungua? (Mama mwenye duka la uchapaji, Kisumu)

Mama, swali lako ndilo zito kuliko yote, hasa kwa joto la Kisumu. Doki nyingi za chuma hutumia ganda lake kutoa joto, kwa hiyo ukilifunika kwa mbao pande zote umeliziba. Wacha sehemu ya juu ya doki iwe wazi, au iguse bati la alumini linalotokeza nje. Toboa matundu chini na mengine juu nyuma: hewa ya moto hupanda na kuvuta ya baridi nyuma yake. Mafundi wa mbao wa Kibuye watakutengenezea fremu safi. Ukichapisha kwa printa ya 3D, epuka plastiki ya PLA, kwani huanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi. Plastiki ya PETG hustahimili hadi karibu 80. Na usiweke karatasi za wateja juu ya kisanduku, tafadhali.

Tangu nisogeze doki karibu na kibodi, mausi isiyo na waya inarukaruka. Betri ni mpya. (Mwalimu, Kakamega)

Mwalimu, mausi yako ni nzima. USB 3.0, inayopitisha gigabiti 5 kwa sekunde, hutoa kelele za redio zinazoangukia masafa ya gigahezi 2.4, yale yale yanayotumiwa na mausi nyingi za aina hiyo. Intel walilieleza tatizo hili mwaka 2012. Kipokezi cha mausi kikichomekwa kando ya tundu la USB 3.0, kinazibwa masikio. Kitoe hapo kwa kebo fupi ya kurefusha ya USB 2.0, ukibandike ukingo wa mbele wa kisanduku, nje ya chuma chochote. Ukitaka kulimaliza kabisa, tumia mausi ya waya.

Naweza kuvua ganda la doki nibakishe bodi tu, ili kisanduku kiwe chembamba? (Kijana wa chuo, Bungoma)

Hapana. Ganda hilo huondoa joto na kuzuia kelele nilizomweleza mwalimu hapo juu.

Nilinunua kebo ndefu ili ifike kwenye laptopu. Sasa chaji inapanda polepole. (Msomaji, Kericho)

Kebo ya kawaida ya USB-C hubeba ampea 3, yaani wati 60 kwa volti 20. Laptopu kubwa huhitaji zaidi, na doki nayo hujikatia kiasi chake. Tafuta iliyoandikwa 100W au 240W, tena yenye kasi ya data unayohitaji, maana nyingine huchaji vizuri lakini skrini haiwaki. Isizidi mita 1. Kama haifiki, sogeza laptopu, au hamishia tundu la kutokea kebo upande wa pili wa kisanduku kabla hujapaka vanishi.